Kopo la Maziwa Ukingoni mwa Tuta

Hidaya mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Saa hii uko kwa Mama Sakina, umekaa kwenye mkeka wake, binti zake wanakusuka nywele, na yeye anakulisha maandazi kama mtu anayekwenda mahali pasipo na chakula. Nimekutuma huko mwenyewe. Nilikuambia si adabu kuondoka bila kumuaga jirani, na hilo ni kweli, lakini nilitaka pia nyumba iwe tupu nipate kuandika. Mchana nilijaribu kukuambia kwa mdomo. Nilikuita, ukaja, ukasimama mbele yangu na shuka mkononi, nami nikakuuliza kama umeiona sindano.

Mambo ya sabuni, ya madaftari, ya kutoazima kandambili za watu, umeshaambiwa na kila mwanamke wa mtaa huu. Sitayarudia. Nataka kukuambia jambo moja nililolifanya, na siwezi kulieleza bila kuanzia kwenye bustani, kwa sababu huko ndiko nililificha.

Nyumba ya Bibi yako, mama yangu, huko Gitega huikumbuki. Ulikuwa na miaka mitatu tulipokwenda mara ya mwisho, wewe, mimi na marehemu baba yako. Iko kwenye mteremko, katika mtaa wa Waswahili, na mvua zikianza udongo wa uani hushuka wote hadi barabarani. Kwa hiyo Bibi alizungushia matuta yake kila kitu ambacho nyumba ilikuwa imemaliza kukitumia: chupa zilizopandwa shingo chini, vioo vya taa, masufuria yaliyotoboka, na sahani zilizovunjika, nyingi kuliko zilizobaki kabatini. Mimi nilizaliwa mwaka wa uhuru. Kulikuwa na kipande cha kikombe cheupe kwenye tuta la vitunguu, kilivunjika siku ya sherehe wageni walipozidi vikombe, na Bibi alikuwa akinionyesha na kusema, "Huyu ni wa rika lako, msalimie."

Alikuwa na sheria yake, na sijaiona kwa mtu mwingine. Aliyevunja chombo alikipanda mwenyewe, mchana, watu wakiwapo, na alipokuwa akikipanda alisema kilikuwa nini na nani amekivunja. "Sahani ya wali ya Idi. Nimeivunja mimi." Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kulitaja tena jambo hilo, hata kwa utani. Kaka zangu walicheka, lakini hakuna mtoto aliyepigwa kwetu kwa sababu ya chombo.

Nilipoingia lise, shule ya sekondari, nilianza kuiona ile bustani kwa macho ya wengine. Msichana mmoja wa darasa letu, baba yake mtu wa ofisi kubwa, alikuja kuazima kitabu. Akasimama uani, akatazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwenu mnalima vyombo?" Hakukusudia ubaya. Mimi nililia siku mbili. Tangu siku hiyo nikawa simleti mtu nyumbani, na nikimwona Bibi yako amepiga magoti na chupa mkononi nilipita nyuma ya nyumba.

Nilipoolewa nikaletwa huku Muyinga nilikuwa na miaka kumi na saba. Asubuhi ya safari Bibi alinipa kikapu kilichofunikwa kwa kitenge cha zamani. Ndani kulikuwa na chupa sita na vipande vya sahani, kila kimoja kimefungwa peke yake. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, hizi za kuanzia." Nilikiacha kikapu nyuma ya mlango. Alipotuma mtu kuniuliza, nilimjibu kwamba nimekisahau. Nadhani huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa mama yangu, na aliukubali upesi mno. Alijua.

Mwezi haukuisha Muyinga kabla sijaanza kuutamani ule ua wa nyumbani. Baba yako alikuwa anashona sokoni kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Mimi sikumjua mtu. Nilitoka lise nikijua majina ya mito ya Ulaya, na sikujua jinsi ya kubisha hodi kwa jirani. Nikaamua kufanya bustani, angalau tuta moja la mboga za lengalenga, na ukingo kama wa nyumbani. Lakini nyumba ya maarusi haina vilivyovunjika. Nikatafuta chupa. Nyuma ya baa moja ya barabarani, njia ya kwenda mpakani, kulikuwa na rundo la chupa zenye midomo iliyomeguka ambazo hazikuwa na kazi tena. Nikaomba, nikapewa, nikazibeba safari tatu kwenye karai, kichwani, mchana kweupe. Nikazipanda mbele ya nyumba, vitako juu, zikang'aa. Nikakaa kizingitini nikizitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilijiona niko kwangu.

Unajua ilivyokuwa, Hidaya? Mtaa wa Waislamu, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na mimi nimepanda chupa za bia arobaini mlangoni.

Mama Sakina ndiye alikuwa wa kwanza kuja. Wakati huo tulikuwa hatujasalimiana hata mara mbili. Akasimama, akatazama upande huu na upande ule, akasema, "We mtoto wa Gitega, bwana yako anazimaliza zote hizo peke yake ao mnasaidiana?" Nikajaribu kumweleza habari za udongo na mvua. "Mi sisemi kitu," akanijibu. "Mi nimeona chupa tu." Kabla ya alasiri kwisha habari ilikuwa imefika sokoni. Wazee wawili wa msikiti walimpitia baba yako kwenye cherehani yake, wakazungumza naye kuhusu afya, kuhusu ini la binadamu, wakaondoka.

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, nikiwa nimeshaanza kuzing'oa, ninalia. Akanishika mkono. Alikuwa mtu wa maneno machache, nadhani hilo unalikumbuka. Akasema, "Ziache. Tukizing'oa leo watasema nimezirudisha nikachukue zingine." Kisha akatoa uzi wake wa kushonea, akauvuta kutoka pembe hadi pembe, akapima kwa futi yake ya cherehani, akanionyesha kwamba ukingo wangu umepinda kwa vidole vinne. Tukazipanda upya mpaka giza lilipoingia. Alinifundisha kuzijaza udongo kwanza, ili chupa isipasuke ukiikanyaga, na kuziegemeza ndani kidogo ili tuta likivimba kwa mvua lisizisukume nje. Yeye hakuwahi kulima. Aliufikiria ukingo tu kama pindo la nguo.

Ninakuandikia haya ili ujue kwamba nilipendwa hapa. Nikisema nilikuwa mpweke usifikiri nilikuwa mpweke siku zote.

Alipofariki kwa ile homa ulikuwa na miaka minne. Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya ua, watu wanaleta chakula, wanaleta maneno, wanaondoka, na mimi sitoki. Nilizunguka uani kama kuku aliyefungwa mguu. Siku moja nikaanza kutoa vitu. Chupa za mafuta ya nywele. Thamosi yake iliyopasuka. Makopo ya samli ambayo Bwana Hassanali wa dukani alinitumia bure, matupu, aliposikia ninayataka. Mama Sakina akaleta kikapu kizima cha chupa za soda, akakitua chini akasema, "Hizi ni za halali, dada, usiogope." Ndipo nilipocheka mara ya kwanza. Nikachimba mtaro wa shubiri moja kuzunguka kila tuta, kisha nikatengeneza matuta mengine ili nipate mahali pa kuchimba. Kazi yoyote iliyonitoa ndani ya nyumba nilikuwa tayari kuifanya, na kwa kuwa mlangoni siwezi kutoka, nilikwenda chini.

Wakati huo niliharakisha. Kipande cha sahani kinatakiwa kupandwa upande uliovunjika ukiwa chini, na ule mwororo, uliokuwa mdomo wa sahani, ukiwa juu. Mtoto wa miaka mitatu kwa Bibi yako anajua hilo. Mimi nilivipanda hovyo, ilimradi vinasimama. Wewe ukapita ukimfuata paka, ukakanyaga. Lile kovu la kisigino, ambalo nimekuambia miaka yote hii ulilipata kwa sababu ya kukimbia na kutosikia: hukuwa unakimbia. Ulikuwa unatembea. Kilichokukata nilikipanda mimi, ncha juu. Usiku huo nilivigeuza vyote, na asubuhi nilipoulizwa na wanawake walioleta uji nikasema mtoto huyu hasikii. Ukaniamini, kwa sababu nani mwingine ungemwamini.

Nimekuwa nikifikiri kwa nini nilisema vile. Si kwa kuogopa kuchekwa. Niliona kwamba nimebaki na mtu mmoja tu duniani, na sikuweza kuvumilia mtu huyo ajue kwamba mimi ndiye niliyemuumiza. Basi nikakupa wewe kosa langu ulibebe. Lilikuwa dogo, nikadhani ni jepesi.

Sasa nafika kwenye lile lenyewe.

Mwaka jana mwezi wa nane, ulipokuwa umefaulu na tunasubiri, Kasimu dereva alileta barua kutoka Gitega. Bibi hajui kuandika, alimwambia mtoto wa jirani aandike, na yule alimwandikia vilevile anavyosema. Ilikuwa na mistari michache. Kwamba nyumba imekuwa kubwa kwake, amebaki na kuku. Kwamba lise iko karibu, amemwona direkta mwenyewe, amekubali kumpokea mjukuu wake. "Niletee Hidaya nimuone anakua. Nikimlea huyu nitakuwa kama nimekuona tena wewe. Mwambie Bibi yake anamwita."

Nilikuwa nimesimama uani nilipoisoma. Wewe ulikuwa jikoni unaimba. Nikakunja ile karatasi, nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikaitia ndani, nikafunga kifuniko, nikalipanda kichwa chini kwenye ukingo wa tuta la lengalenga, kati ya chupa mbili, kama makopo mengine yote. Sikuweza kuichoma, maana yalikuwa maneno ya mama yangu. Nilifanya hayo kwa utulivu. Nilipiga udongo kwa fimbo mpaka ukashikana. Kisha nikamwandikia Bibi kwamba nimekuuliza na wewe umekataa. Kwamba umeshazoea Muyinga, una rafiki zako, hutaki kuja.

Nimesema hutaki. Niliandika hivyo, kwa mwandiko wangu mzuri wa lise.

Wewe ukaenda mwaka mzima kwenye ile shule ya Gasorwe, unaamka kabla ya adhana, unarudi vumbi mpaka kwenye kope. Kila jioni ulichukua ndoo ukamwagilia lengalenga. Nilikuwa nakutazama kutoka mlangoni ukimwaga maji juu ya lile kopo, na nilijiambia kwamba nimefanya vizuri kwa sababu uko hapa, nakuona. Upweke, Hidaya, haukunifundisha wema kama wanavyosema watu kuhusu wajane. Ulinifundisha kuhesabu waliomo ndani ya nyumba, basi.

Bibi hakukasirika, na hilo ndilo lililo baya. Kabla ya Idi alituma kitenge, kile cha kijani chenye maua ya manjano, na akamwagiza Kasimu aseme: mwambie mtoto sikuchukia, akitaka kunitembelea siku moja atanikuta. Nilipokea kitenge. Ujumbe niliuacha pale barabarani. Nikakuletea nikasema nimekununulia. Ulinishukuru, ukanishika shingo. Ulikivaa siku mbili mfululizo.

Ningeendelea hivyo. Nisikudanganye kwamba moyo ulinisuta mwenyewe. Ni wewe. Mwezi wa sita tulikuwa tunanyoosha chupa zilizolala baada ya masika, wewe upande ule wa tuta na mimi upande huu. Ulikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Ukaniuliza, bila kuinua kichwa, "Mama, binti zake Mama Sakina wote wanaitwa na bibi zao vakansi, shule zikifungwa. Bibi yangu mi mbona hajawahi kuniita? Hanipendi?"

Nikasema nadhani ni mzee, anachoka. Ukasema, "Aa," kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Ukaendelea kunyoosha chupa. Mkono wako ulikuwa karibu na lile kopo, shubiri moja hivi. Ulilipita, ukashika chupa iliyofuata.

Siku ile ndipo niliposhika kalamu nikamwandikia Bibi kwamba sasa uko tayari. Hata hapo sikumwambia ukweli. Niliandika kana kwamba umebadili mawazo. Ndiyo maana juzi Kasimu alipokuja kupanga siku ya safari alikuangalia akicheka akasema, "Bibi yako anauliza, mtoto amekubali kweli sasa ao atatukimbia njiani?" Wewe ukanigeukia: "Kukubali nini, Mama?" Nikajibu, "Kukubali kuamka saa kumi." Mkacheka wote wawili. Mimi niliingia ndani nikakaa kitandani.

Nililiona lote pale, jinsi litakavyokuwa. Kwamba utashuka kwenye gari la Kasimu, na Bibi atakuja kwenye lango na furaha yenye woga, furaha ya mtu aliyekataliwa mara moja. Na wewe utaingia na heshima nyingi, ya mtoto anayeamini kwamba hakuitwa, amepokelewa tu. Mtaishi nyumba moja, kila mmoja akijichunga asimchokoze mwenzake, na hakuna hata mmoja atakayejua kwa nini. Nyote wawili mtakuwa mnamlinda mwenzenu dhidi ya kitu nilichokifanya mimi.

Jana ulipokwenda kuteka maji nililichimbua kopo. Kutu imekula kifuniko. Karatasi imeshikana, na nusu ya wino imekimbia, lakini jina lako linasomeka, na lile neno "anamwita" linasomeka pia. Imo ndani ya bahasha hii. Ni yako, ilikuwa yako tangu mwaka jana. Kitenge cha kijani ni cha Bibi. Ukikivaa kesho atakijua.

Na Bibi naye nimemwandikia. Barua yake ni fupi kuliko hii: mtoto hakukataa, hakuulizwa, niliyekataa ni mimi. Kasimu ameshaichukua. Nimempa alasiri hii kabla sijaanza hii yako, ili nisiweze kurudi nyuma.

Nilikuwa nimepanga kuishonea barua hii ndani ya begi lako, kwenye bitana, uikute Gitega siku ya pili au ya tatu ukitafuta nafasi ya viatu. Nilishatia uzi kwenye sindano. Kisha nikaona ninachokifanya. Ungeisoma nikiwa mbali, saa nyingi za barabara kati yetu, na hasira yako ingenifikia imepoa, na mimi ningekuwa nimeagwa vizuri, nimekumbatiwa, nimeliliwa na mtoto asiyejua anamlilia nani. Huo nao ni wizi. Nisingekuwa nimekuambia chochote. Ningekuwa nimepanda kopo jingine.

Kwa hiyo nitakupa mkononi utakaporudi. Utaisoma ukiwa hapa, ndani ya chumba chako, mlango umefungwa au wazi, upendavyo. Mimi nitakuwa uani. Sitaingia mpaka uniite, na ikiwa huniiti sitaingia. Kama utaona vigumu kunipa mkono kesho, Kasimu atakufungulia mlango wa gari na utaondoka, na sitamwambia mtu kwamba mtoto wangu hana adabu. Nakuomba usinisamehe haraka kwa kunihurumia kwamba nabaki peke yangu. Nitabaki peke yangu kwa vyovyote. Hilo si jukumu lako, na nimechelewa miaka kumi kulijua.

Uondoke ukijua uliitwa. Hicho tu ndicho ninachotaka kikusindikize. Kuna mtu mwenye nywele nyeupe, huko kwenye mteremko, aliyekwenda kwa miguu mpaka kwa direkta na kukuombea nafasi kabla hajajua umefaulu kwa kiasi gani, akakataliwa kwa jina lako, na bado akakutumia kitenge.

Nasikia sauti ya Mama Sakina inakusindikiza mpaka nje, anakuambia usikonde, na wewe unacheka. Naikunja barua. Chini sitaandika jina, maana utakapomaliza kuisoma nitakuwa nimesimama nje ya dirisha lako.